Chakula Kipi Kilicho Safi Zaidi? Nasaha kwa Mwanafunzi Anayesafiri

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba, akatulisha na kutunywesha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Maswahaba wake na wote wanaofuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kaka na dada,

Kila muhula unapokaribia kwisha, hapa Mbale husikika habari za safari. Huyu amepata ufadhili wa kusoma nje, yule anakwenda kwenye kongamano, mwingine anafuatana na wenzake pwani ya Kenya. Baada ya habari za viza na nauli, swali linalofuata ni la tumbo: huko nitakula wapi? Na jibu linalotolewa haraka ni hili: "Tafuta mkahawa wa Kiitaliano. Kila mji upo. Piza ni unga na nyanya, huwezi kukosea."

Jibu hilo lina kweli ndani yake, na lina hatari ndani yake. Tulipime kwa mizani ya dini yetu, ili anayeondoka aondoke na elimu, na anayebaki ajue la kumwambia mwenzake.

Vijana waliotafuta chakula mjini

Kila Ijumaa wengi wetu tunasoma Suratul Kahf. Humo mna kisa cha vijana waliokimbia na imani yao wakaingia pangoni, Allah (s.w.) akawalaza miaka mia tatu na tisa. Walipoamka walikuwa na njaa. Wakachukua fedha waliyokuwa nayo, wakamtuma mmoja wao aende mjini kununua chakula.

Tazameni maagizo waliyompa, katika aya ya 19. Walikuwa na njaa, na mji ule ulikuwa mji wa hatari kwao. Lakini hawakumwambia alete cha karibu, wala cha bei rahisi, wala kile kinachosifiwa na watu kwa utamu. Walimwambia atazame ni chakula kipi kilicho safi zaidi, awaletee riziki kutoka hicho. Kisha wakamwagiza jambo la pili: aende kwa upole na uangalifu. Neno hilo la upole, walyatalattaf, katika baadhi ya misahafu limechapwa kwa wino mwekundu.

Basi hapo tumepata mambo mawili ya msafiri anayetafuta mkahawa: usafi wa chakula, na upole wa kukitafuta. Simu yako itakuonyesha mikahawa na nyota zake. Nyota zile zinapima utamu, huduma na bei kwa ulimi wa watu wengine. Hakuna nyota inayokwambia kama mchuzi umemiminiwa mvinyo. Swali la vijana wa pangoni itakubidi uliulize wewe mwenyewe.

Namatala tunajuana

Mtu aliyelelewa Namatala hajazoea kuuliza, na sababu yake ni njema. Anayekuuzia chapati asubuhi unamjua, na mama yake unamjua. Ukienda bucha, unajua nani alichinja, maana kwa desturi ya nchi yetu kazi ya kuchinja ng'ombe kwa sehemu kubwa imeachiwa Waislamu, hata pale wanunuzi walipo Wakristo. Wauza nguruwe wana vibanda vyao, na kila mtu anavijua. Ukikaribishwa malewa kwa karanga katika nyumba ya jirani asiyekuwa Muislamu, mara nyingi yeye ndiye anayetangulia kukwambia kilichomo chunguni.

Hiyo ni neema kubwa ambayo hatuioni mpaka tuondoke. Hapa ujirani unatulinda. Ukifika Roma, London au Nairobi, ujirani huo umebaki nyuma, na aliyepika humwoni. Wahenga walisema, msafiri maskini ajapokuwa sultani. Umaskini wake wa kwanza ni kwamba hajui na hajulikani. Dawa yake ni kuuliza, na kuuliza si ujinga.

Asili ya chakula haimharamishii mtu

Kabla ya kutaja ya kuepukwa, tuondoe kosa moja. Wapo wanaodhani chakula cha Wazungu chote kina walakini. Hilo si sahihi. Katika Suratun Nahl, aya ya 116, Allah anatukataza kusema kwa ndimi zetu hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia uongo. Asili ya vyakula ni uhalali mpaka pawepo dalili ya kukataza.

Tena hizo tambi tunazoziita za Kiitaliano zina historia ambayo Muislamu anaijua. Sicily ilitawaliwa na Waislamu kuanzia karne ya 9 hadi ya 11. Mwanajiografia Al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, ameeleza kuwa Trabia, karibu na Palermo, kulikuwa na watu wakitengeneza tambi kavu kwa wingi, zikipelekwa kwa meli katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Na waangalieni ndugu zetu Wasomali. Mogadishu ilikuwa chini ya Waitaliano, watawala wakaondoka, tambi zikabaki. Leo baasto ni chakula cha nyumbani kwa Wasomali, na wengine huila na ndizi pembeni. Mtawala hakuiharamisha tambi kwa kuileta.

Na usichanganye ladha na sheria. Khalid bin Walid (r.a.) alikula kenge wa jangwani mbele ya Mtume (s.a.w.), naye Mtume hakula, akaeleza kuwa mnyama yule hakuwapo katika nchi ya watu wake. Hakula, na hakumkataza Khalid. Nawe ukikuta jibini yenye harufu usiyoizoea, iache bila kuitolea fatwa.

Yaliyomo sahani

Sasa tuje kwenye orodha ya vyakula, maana hapa ndipo "huwezi kukosea" inapokosea.

La kwanza ni nguruwe. Katika mapishi ya Kiitaliano nguruwe hutokea kwa majina mengi ambayo hayafanani na nguruwe. Neno lenyewe ni maiale. Lakini prosciutto, pancetta, guanciale, speck na mortadella vyote kwa kawaida ni nyama ya nguruwe. Tambi za carbonara na za amatriciana hupikwa kwa guanciale, yaani nyama ya shavu la nguruwe. Mchuzi wa nyama wa Bologna, ambao kwetu watu hudhani ni ng'ombe mtupu, mara nyingi huchanganywa na nguruwe na mvinyo. Strutto ni mafuta ya nguruwe, nayo hutiwa katika baadhi ya mikate, hasa ule mkate mwembamba uitwao piadina, unaofanana na chapati yetu. Na kuna neno linalopoteza wasafiri: kwa Kiitaliano peperoni ni pilipili hoho, lakini Marekani pepperoni ni soseji, na mara nyingi ina nguruwe. Neno moja, na hukumu mbili.

La pili ni mvinyo. Kijana aliyekulia karibu na mashamba ya mpunga ya bonde la mto Namatala ataona wali kwenye orodha, uitwao risotto, moyo wake utulie: wali ni wali. Lakini wapishi wengi humimina mvinyo katika mchele huo mwanzo wa kupika. Kadhalika michuzi ya chaza na ya samaki. Wapo watakaokwambia kuwa moto umeondoa kileo. Kwanza, hakiondoki chote. Pili, hata kingeondoka, sisi tumeamrishwa kujiepusha na pombe, hatukuamrishwa kuipika. Vitamu navyo viangalie: tiramisu nyingi zina kileo, na panna cotta hugandishwa kwa gelatini, ambayo Ulaya kwa sehemu kubwa hutokana na nguruwe. Siki ni jambo lingine. Mvinyo uliogeuka wenyewe ukawa siki ni halali, na Mtume (s.a.w.) aliisifu siki kuwa ni kitoweo kizuri.

La tatu ni nyama ya ng'ombe na kuku. Katika Suratul Maida, aya ya 5, Allah ametuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu. Sisi wa Mbale tunaishi nao wote: Wakristo, na pia Abayudaya wa Nabugoye, jamii iliyoanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Lakini kuhusu machinjio ya kisasa ya Ulaya, ambako mnyama hupigwa ganzi kwanza na mchinjaji huenda hana dini yoyote, wanazuoni wametofautiana. Wapo wanaoruhusu kwa kuitegemea aya, wapo wanaokataza mpaka ijulikane namna ya kuchinja. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba watu waliosilimu karibuni walikuwa wakileta nyama, isijulikane kama wametaja jina la Allah, na Mtume (s.a.w.) akawaelekeza Maswahaba walitaje wao wenyewe kisha wale. Hadithi hiyo inatufunza kutomtilia shaka Muislamu mwenzako bila sababu. Kuitumia kuhalalisha kila nyama ya kila mji ni kuipeleka mbali. Kwa mwanafunzi, njia yenye salama ni nyepesi: nje ya mkahawa wa halali, acha nyama, kula samaki, mayai na mboga.

La nne ni jibini. Jibini ngumu maarufu ya Kiitaliano, Parmigiano Reggiano, kwa kanuni zake hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kimeng'enya hicho ni safi kikiwa kimetoka kwa mnyama aliyechinjwa kisheria. Imam Abu Hanifa amelegeza zaidi, na miongoni mwa hoja za upande huo ni kwamba Maswahaba walipoingia Iraq walikula jibini ya Wamajusi. Hapa usimgombeze nduguyo anayekula, wala usimcheke anayeacha. Kila mmoja ana imamu nyuma yake.

La tano ni vyombo. Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kula katika vyombo vya Watu wa Kitabu, maana wao wakipikia humo nguruwe. Akaambiwa wakipata vyombo vingine wasivitumie hivyo, na wasipopata wavioshe kisha wavitumie. Basi ile sufuria na kile kisu cha kukatia piza vina haki ya kuulizwa.

Ukishayajua hayo, usikate tamaa. Milango iko wazi. Piza ya marinara ni nyanya, vitunguu saumu, oregano na mafuta, haina jibini wala nyama. Margherita huongezwa jibini na majani ya basili. Tambi za aglio e olio ni vitunguu saumu, mafuta ya zeituni na pilipili. Samaki wa kuchoma wapo karibu kila mahali. Jifunze maneno manne tu: senza maiale, senza vino, yaani bila nguruwe, bila mvinyo. Na ukiwa Malindi, ambako Waitaliano wamefika kwa wingi tangu miaka ya 1960, wakati kituo chao cha kurushia roketi cha San Marco kilipoanzishwa, hata maneno hayo huyahitaji sana. Uliza kwa Kiswahili, jikoni watakujibu kwa Kiswahili.

Tena mwongozo bora wa mikahawa katika mji wowote ni watu wanaovaa viatu mlangoni mwa msikiti baada ya Ijumaa. Roma ina msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 1995. Milano, wapiga piza wengi ni Wamisri, na usishangae anayesukuma unga akaitikia salamu yako. Lakini salamu yake isikunyamazishe. Si kila Mmisri ni Muislamu, na mpishi Muislamu anaweza kuwa ameajiriwa katika duka linalouza nguruwe. Muulize kwa heshima, naye atakuwa wa kwanza kukueleza ukweli.

Upole wa anayeuliza

Jambo la pili la vijana wa pangoni ni upole. Wapo wanaouliza kwa namna inayomfanya mhudumu ajione najisi. Wanakunja uso, wanasukuma sahani, wanatoa mawaidha kwa mtu aliyeleta maji. Mtume wetu (s.a.w.) hakupata kukitia chakula kasoro, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Mhudumu yule huenda wewe ndiwe Muislamu wa kwanza kuzungumza naye. Uliza huku unatabasamu, shukuru hata kama jibu ni kwamba hakuna chako hapo, kisha toka.

Upole pia ni kwa wenzako. Mkiwa kundi, msimwachie dada mmoja mwenye hijabu awe ndiye anayeuliza kila siku, nyinyi mkisubiri jibu lake mle kimyakimya. Aulize kila mmoja. Na mkialikwa kwenye meza yenye pombe, kumbukeni kuwa Mtume (s.a.w.) ametukataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Waambie wenyeji mapema, kabla ya siku yenyewe, kwa maneno mafupi na mazuri, kwamba mngependa meza nyingine. Mwenyeji mwema hafurahii kugundua katikati ya chakula kuwa mgeni wake ana njaa.

Na upole ni kwa mfuko uliokutuma. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Italia mikahawa mingi hutoza ada ya kukaa mezani, waiita coperto, kabla hujaagiza kitu. Mzazi aliyeuza mpunga ili uongezewe fedha ya safari amekupa amana. Kipande cha piza cha kununua dirishani na kula ukiwa umekaa bustanini kinatosha, na si aibu.

Kinachopotea

Atauliza mtu: haya yote kwa ajili ya sahani moja?

Abu Huraira (r.a.) amepokea, na Imam Muslim ameinukuu, hadithi ya mtu aliye katika safari ndefu, nywele timtim, amejaa vumbi, ananyanyua mikono mbinguni akimwita Mola wake, ilhali chakula chake ni haramu, kinywaji chake ni haramu na mavazi yake ni haramu. Mtume (s.a.w.) akauliza, vipi mtu huyo atajibiwa? Ndugu zangu, yule ni msafiri. Safari ni wakati ambao dua inatarajiwa kukubaliwa. Wewe ukiwa ugenini, mtihani uko mbele yako, mama yuko mbali, huna ujirani wala ukoo, umebakiwa na mikono miwili ya kunyanyua. Hiyo ndiyo mali yako. Usiiuze kwa sahani ya tambi.

Na vijana wa nchi hii walikwisha kulijibu swali hilo kwa namna nzito kuliko maneno. Katika miaka ya 1875 na 1876, vijana wa Kiislamu waliokuwa wakitumikia katika ikulu ya Kabaka Mutesa I walikataa kula nyama ya ikulu kwa kuwa haikuchinjwa na Muislamu, na wakakataa kuswali nyuma ya Kabaka kwa kuwa hakutahiriwa. Takriban vijana 70 waliuawa kwa kuchomwa moto Namugongo. Hawakuwa wanazuoni wakubwa. Wengi wao walikuwa wa umri kama wenu, na dini ilikuwa bado changa katika nchi. Walikuwa na mlo mbele yao na mfalme juu yao.

Sisi hatutishwi na moto wa mfalme. Tunachotishwa nacho ni mhudumu kutukunjia uso, au wenzetu kutuona washamba, au dakika tano za kusubiri jibu kutoka jikoni. Tuone haya, ndugu zangu, kuacha kwa hofu ndogo namna hiyo jambo ambalo wao hawakuliacha kwa hofu kubwa kiasi kile.

Nu'man bin Bashir (r.a.) amepokea kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yao mna mambo yenye kutatiza, na mwenye kuyaepuka hayo ameilinda dini yake na heshima yake. Basi ewe unayesafiri, ukiulizwa mkahawa mzuri ni upi, jibu lake ni hili: ni ule ambao ukitoka, unaweza kunyanyua mikono ukamwomba Mola wako bila kusita. Ukiupata ni wa Kiitaliano, kula, sema Alhamdulillah, na waelekeze wenzako. Usipoupata, mkate, matunda na maji vinatosha mpaka kesho.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali Yako tusihitaji haramu Yako, na ututajirishe kwa fadhila Zako tusimtegemee asiyekuwa Wewe. Walinde ndugu zetu walio safarini, zikubali dua zao, na uwarudishe kwa wazazi wao wakiwa na elimu na dini yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.